Halbadiri ya Bi Zinduna

Dada yangu Moza alimsomeshea halbadiri mtu wa kwenye televisheni. Nalisema lilivyo, kwa sababu hapa Wesha watu wamelizungusha mpaka limekuwa jambo jengine. Wapo wanaosema alimsomeshea mwizi wa kuku. Si kuku. Ni Bi Zinduna, yule wa kwenye tamthilia, na mimi ndiye niliyepanda juu ya bati kufunga dishi lililomleta.

Kwa asiyejua, halbadiri ni kisomo cha kumshitaki mdhalimu mbele ya Mungu. Umedhulumu, unasomewa, na litakalokufika litakufika. Lakini ni kisu chenye makali huku na huku. Ikisomwa kwa mtu asiye na kosa haipotei hewani. Inarudi kwa aliyeisomesha. Ndiyo maana watu wazima hawaichezei.

Kazi yangu ni madishi. Skuli niliiacha darasa la tano, nikaingia kwenye waya, na sijajuta. Nusu ya mabati baina ya Wesha na Chake Chake nimeyapanda mimi. Televisheni ya dada aliileta mwanawe, Hafidh, anayefanya kazi ya taa Dar es Salaam kwa watu wanaopiga hiyo michezo. Kubwa, bapa, inaning'inia ukutani. Baba yake Hafidh alikuwa ameshafariki na Moza alikuwa akilala na kuamka peke yake. Basi haikuchukua muda, ukumbi wake ukajaa. Kila ikikaribia saa ya tamthilia wanawake wa mtaa wanamiminika na mikeka yao, na watoto migongoni, na Bi Rahma, jirani wa ukuta kwa ukuta, akiwa mbele kabisa kama yeye ndiye anayewasha mitambo.

Mimi tamthilia sizipendi. Mtu kalipwa alie, na wewe unalia bure. Lakini siku moja rimoti iliharibika, nikaitwa, na nikiwa nimechutama pale na bisibisi nikamwona Bi Zinduna kwa mara ya kwanza. Alikuwa shangazi wa watoto yatima, anataka kuwanyang'anya nyumba waliyoachiwa na baba yao. Nilitazamia makelele. Hakupiga kelele. Alikuwa anatabasamu. Alitazama kutoka kwenye kile kioo kama mtu anayejua umeficha nini chini ya godoro lako. Nikasahau bisibisi mkononi. Niliwahi kuona watu wabaya kweli, wengine nimewafungia madishi wasinilipe, lakini ubaya uliokaa vizuri kwenye uso wa mtu namna ile sikuwahi kuuona.

"Mwanga yule, mchawi," Bi Rahma aliniambia bila kugeuka. "Ntu hawi vile kwa kufundishwa."

Halafu ikaja siku ya godoro. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa mpaka naiona. Bi Zinduna aliwatoa watoto nje na mvua inanyesha. Mdogo kabisa akashika ncha ya godoro lake asiachie, na Bi Zinduna akalivuta, akamtupia matopeni, godoro na mtoto pamoja. Kisha akasimama mlangoni, akatoa unyuzi kwenye mtandio wake, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Fungeni mlango. Mbu wanaingia."

Ndara ya Bi Rahma iligonga ukuta kando ya televisheni. Wanawake walipiga mayowe mpaka watu wa msikitini wakaja kuuliza kuna msiba gani. Moza hakupiga yowe. Hakula, na asubuhi akawaambia wenzake: "Wale watoto hawana mtu. Sisi ndio tulioona."

Wakachanga. Waalimu wa karibu na hapa hawakuwafaa, kwa sababu nao wana televisheni majumbani, wangecheka. Wakakodi gari mpaka Chokocho, wakavuka hadi Kisiwa Panza kwa Mwalimu Himid, mzee asiyejua tamthilia ni kitu gani. Wakamwambia kuna mwanamke Dar es Salaam, jina lake Zinduna, kadhulumu nyumba ya yatima.

"Mna ushahidi?" aliuliza mwalimu.

"Tumeona kwa macho yetu, mwalimu," alisema Bi Rahma. "Ukumbi mzima."

"Na hamkumkataza?"

"Tungemfikia vipi, mwalimu?"

Na hilo halikuwa uwongo. Mwalimu Himid akasoma.

Wiki ile ile picha ikaingia kwenye simu za watu. Mwanamke yuko juu ya machela, mguu umepinda pasipopindika, mdomo wazi, na pembeni yake watu wamenyanyua simu. Ni yeye. Si Bi Zinduna wa kwenye mchezo, ni mwenyewe, mwenye ule uso. Alianguka ngazi kazini. Chini ya picha mtu kaandika: *Malipo ni hapa hapa.* Kila aliyeipata aliisukuma mbele. Wanawake wetu walinunua halwa na mikate ya boflo wakagawa mtaani kwa shukurani.

Mimi niliwaambia ni sadfa. Watu wanaanguka ngazi kila siku.

"Wee Haroub kaa na waya zako," alisema Bi Rahma. "Mambo ya kisomo huyawezi."

Nilicheka. Lakini nakwambia kweli, nilipokuwa peke yangu niliitazama ile picha mara nyingine, na nywele za mikono zikanisimama. Miezi ikapita, na kwenye tamthilia pia Bi Zinduna akatokea ndani ya kiti cha magurudumu. Hapo tena nani angebishana nao.

Siku Hafidh aliponipigia simu nilikuwa juu ya bati, Machomanne, nashika dishi kwa mkono mmoja.

"Mjomba, nataka kuoa."

"Oa. Wenzako wana watoto skuli."

"Nataka wewe umwambie mama."

"Kwani wewe bubu?"

Kisha akasema, "Mnamjua."

"Mtoto wa nani?"

"Watu wa Tanga. Jina lake Shamima." Akameza mate, nilimsikia. "Lakini nyinyi hapo mnamwita jina jengine."

Nilimwambia asubiri kidogo. Nikateremka ngazi kwanza, nikakanyaga ardhi, halafu nikamuuliza jina lenyewe.

Hafidh hakujua habari ya halbadiri. Alijua tu kwamba mama yake anamchukia Bi Zinduna, kama nchi nzima inavyomchukia. Alidhani kazi yangu itakuwa kumwelewesha mama kwamba ule ni mchezo.

Nilimkuta Moza anachambua mchele. Nikamwambia moja kwa moja, mimi sijui kuzunguka. Alitulia na ungo mapajani. Nilitazamia akasirike. Hakukasirika, alitisha kwa namna nyingine, uso ulimkauka kama kitambaa kilichosahauliwa juani.

"Dada, ule ni mchezo," nilisema. "Mwanamke mwenyewe hana nyumba ya mtu."

"Unadhani sijui kama ni mchezo? Mimi mjinga?" Alichukua kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Najua leo, nilijua jana, na nilijua siku ile. Lakini siku ile hasira zilijua zaidi yangu. Mimi nimemsomeshea mtu, Haroub. Kwa uso wake. Na mguu umevunjika, wa kweli. Kama yule hana kosa, basi kosa liko wapi?"

Akapepeta ungo mara moja.

"Liko njiani," alisema. "Linarudi."

Tangu siku hiyo dada yangu akawa mtu wa kusikiliza mwili wake. Goti likimwuma, anakaa chini. Akikwaa kizingiti, anasoma dua. Akampigia simu Mwalimu Himid akamweleza yote. Mimi nilikuwepo. Ikatoka sauti ya mzee mpaka Moza akaitenga simu na sikio.

"Mlinambia mmeona kwa macho yenu!"

"Tuliona, mwalimu."

"Kwenye kioo!"

"Kwenye kioo, mwalimu."

Alipomaliza kufoka alisema dawa ni moja. Aende kwa huyo mwanamke, amwambie ukweli, aombe msamaha. Akisamehewa kwa moyo, jambo limekwisha. Kwa mdomo peke yake, halijaisha.

Moza alizima simu akaniangalia. "Angekuwa ntu mwengine," alisema, "ningemtazama usoni nikajua. Lakini huyu mkate wake ni uso. Moyo wake nitaujuaje?"

Na hapo ndipo mambo yalipofungana. Hafidh alisema haoi bila radhi ya mama yake. Moza aliniambia radhi hawezi kuitoa mpaka awe na hakika kasamehewa. "Nimpe mwanangu ruhusa alete mke ndani, na kisomo changu kimesimama mlangoni kinamsubiri yeye au mimi? Au wajukuu?" Hafidh hakuambiwa habari ya kisomo, akadhani mama anamkataa mtu kwa ajili ya tamthilia, akaacha kupiga simu. Mtoto wake wa pekee. Nilimwona Moza akiiweka simu karibu na sahani anapokula.

Kisha tukasikia Shamima anakuja Chake Chake. Duka moja jipya la simu lilimwalika aje kulifungua. Hafidh aliniambia: "Mjomba, tutakuja naye nyumbani kusalimia. Yuko na mama yake mdogo, Bi Mwanaasha, hakuna la aibu. Mama akikataa mbele yake, nitajua limekwisha."

Nilikwenda kuwachukua hapo dukani na gari ya kuazima. Watu nimeshawaona wakijaa: mpira, siasa, mazishi ya masharifu. Huku kulikuwa kujaa kwa namna nyingine. Walikuwa juu ya kuta, juu ya bodaboda, mabaraza yamezama. Wazee wenye kanzu walikuwemo wakijifanya wanapita. Na wote wamenyanyua simu juu, hata walioshindwa kumwona kwa macho walikuwa wanamwona kwenye simu ya aliye mbele. Kisha mlango wa gari la wenye duka ukafunguliwa akatoka, na ule umma wote ukavuta pumzi pamoja. Nilisikia. Kama bahari inavyovuta kabla ya wimbi.

Alikuwa mfupi! Mimi nilimzoea ukutani kwa dada, uso wake peke yake upana wa sinia. Huyu aliniishia begani. Amevaa baibui la kawaida, mguu wa kushoto anauburuza kidogo. Akanyanyua mkono, akatabasamu, na wanawake wa mbele wakarudi nyuma wakakanyagana.

"Zinduna! Rejesha nyumba ya watoto!" mmoja alipiga kelele. Wakacheka. Mwengine akapiga kelele ile ile, na huyu hakuwa anacheka. Alikuwa anatetemeka, machozi yanamtoka. Na palepale, huyo huyo, akanyoosha simu yake aombe picha.

Shamima akasimama naye akapiga. Akakata utepe. Akapiga na wengine, na wengine, kila uso mpya anaupa tabasamu zima, halipungui. Nilijaribu kutabasamu mwenyewe pale kwenye usukani kuona mtu anaweza kwa muda gani. Mashavu yaliniuma upesi sana. Alipoingia ndani ya gari na mlango ukafungwa, uso wake ukazimika. Sina neno jengine. Ulizimika kama kioo umeme ukikatika, akalaza kichwa.

"Shikamoo, mjomba," alisema akiwa amefumba macho.

"Marahaba. Umechoka?"

"Mguu tu."

Hafidh alitazama dirishani. Mimi nikatazama barabara.

Nyumbani wanawake walikuwa wamejaa, wamevaa kanga mpya. Aliposhuka hakuna aliyesema kitu. Alivua viatu, akaingia, akaenda moja kwa moja kwa Moza, akainama akambusu mkono. Moza aliuacha mkono wake ubusiwe kama si wake.

Tulikula. Wanawake walimtazama anavyovunja muhogo, anavyotoa mwiba wa samaki. Bi Rahma ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Bi Shamima, samahani. Sisi watu wa shamba. Nataka kukuuliza, ile sauti ni yako?"

"Sauti ipi, bi?"

"Ile ya mbu."

Wanawake wakacheka na kufunika midomo. Shamima naye akacheka, akasema amechoka, akasema mdomo umejaa. Wakambembeleza. Basi akanawa mkono, akajifuta. Hakusimama, wala hakugeuza kiti. Akatoa tu unyuzi kwenye mtandio wake, unyuzi ambao haukuwepo, akayanyanyua macho yake polepole.

"Fungeni mlango," alisema. "Mbu wanaingia."

Wallahi mtu mmoja alinyanyuka akafunga mlango. Ukumbi ulipoa. Bi Rahma, mwenye mdomo wa kuuza mji, alijisogeza nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mimi nilikuwa nimekaa karibu kabisa, naona mchuzi kwenye kidole chake, najua ni mtoto wa watu wa Tanga mwenye mguu unaouma, na bado moyo wangu ulipiga kama nimekutwa na jambo. Mtu yule alitoka wapi? Aliingia kwa mlango gani kwenye ule uso, na alipokwisha alikwenda wapi? Maana Shamima alikuwa ameshacheka tayari, anaomba maji.

Nikamtazama Moza. Alikuwa ameshika kawa la kufunikia wali, hajafunika nalo wala hajaliweka.

Baada ya chakula aliwatoa wanawake. Tukabaki yeye, mimi, Hafidh, Shamima na Bi Mwanaasha. Akakaa chini mbele ya Shamima, yeye mama wa mume, jambo ambalo sijapata kuliona, akamweleza. Halwa hakuificha. Picha hakuificha. Alieleza mpaka jina la mwalimu.

"Ilikuwa lini?" aliuliza Shamima.

"Mwanzo wa Shaaban."

Shamima na mama yake mdogo wakatazamana. Hafidh alishika kichwa. "Mama!" alisema. "Mama, umefanya nini?"

"Shamima inuka," alisema Bi Mwanaasha. "Inuka twende zetu. Nyumba ya kuvunja watu miguu hii."

Lakini Shamima hakuinuka. Alimwinamia Moza, akamshika mabega, na uso wake ukalainika wote, chozi moja likajaa kwenye jicho la kulia, likakaa, likateremka taratibu hadi kwenye kidevu.

"Nimekusamehe, mama," alisema. "Nimekusamehe duniani na akhera."

Ilikuwa nzuri mno. Hata Bi Mwanaasha alilainika. Nikadhani tumemaliza.

Moza alilitazama lile chozi muda mrefu.

"Hilo nalijua, mwanangu," alisema. "Ndilo la siku ile mbele ya hakimu. Jicho la kulia. Ulisema hivi hivi, na hakimu akakuachia, na nyumba ukachukua."

Shamima akagusa shavu lake. Akautazama unyevu kwenye kidole kama vile kauokota mahali. Nikaona, na sijui kama nitaona tena, mtu amekutwa na kitu chake mwenyewe asijue ni chake au si chake. Alifungua mdomo akafunga. Alijaribu uso mmoja, akauacha. Akajaribu mwengine.

"Basi unataka nini?" alisema, na sauti ilikuwa nene, ya puani. "Mnataka nini nyinyi watu? Nikilia, naigiza. Nikicheka, naigiza. Siku ile nimelala chini mfupa umetoka nje, nalia maji, nataka maji, na watu wananicheka! Wananipiga picha! Nesi, nesi mzima, kaja kunidunga sindano akaniambia, 'Nyumba ya watoto unarejesha lini?' Mama yangu haendi sokoni. Wanamwambia alizaa shetani. Na nyinyi huku mnakula halwa!" Kamasi zilimtoka, akafuta kwa mkono, zikatoka tena. "Sijakusamehe! Nimesema tu. Sijakusamehe hata kidogo!"

Akainuka, akakosea mlango, akaingia jikoni, akatokea uani. Hafidh akataka kumfuata.

"Kaa," alisema Moza.

"Mama, umeshaharibu!"

"Kaa nimekwambia. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyosema tangu kuingia." Naye akainuka, goti lake likilia, akamfuata yeye mwenyewe.

Tulikaa. Bi Mwanaasha alikuwa anapanga mkoba wake, anapangua. Hafidh akasema kwa sauti ya chini kwamba ile siku ya godoro yeye ndiye aliyeshika taa. Ilipigwa muda mrefu kabla ya sisi kuiona, siku moja tu, mvua ya mpira wa maji. Walirudia mpaka yule mtoto akaanza kulia kweli. Na kila walipokata, Shamima alikuwa anakimbia matopeni kumwokota yule mtoto, anamfuta, anamtia biskuti mdomoni, halafu anarudi mlangoni anakuwa Zinduna tena.

"Jioni hakula," alisema Hafidh. "Ndiyo siku niliyompelekea chai. Nilianza hapo."

"Mwambie mama yako hayo."

"Amwambie mwenyewe."

Ilipokaribia alasiri nilikwenda jikoni kutafuta maji ya kutawadhia. Kweli nilikwenda kusikiliza. Mlango wa uani ulikuwa umerudishwa nusu. Nilimwona Shamima mgongo tu, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na Moza amekaa chini kwenye kizingiti cha mlango, kidogo mbali naye. Hawasemezani. Kuku anapita baina yao. Nikadhani watakaa vile mpaka gari la uwanja wa ndege.

"Yule mdogo," alisema Shamima mwisho, bila kugeuka. "Wa godoro. Mlimlilia kweli?"

"Mimi sikulala."

"Mliniombea nini hasa? Mguu?"

"Sikutaja mguu, mwanangu. Nilisema, Mungu mzuie yule asiwafikie tena wale watoto."

Shamima akacheka kidogo, cheko baya, la puani.

"Hata mimi," alisema. "Nilipokuwa nafika nyumbani nilikuwa naomba hivyo hivyo. Aondoke mwilini mwangu. Nilishamwambia mwandishi, muue. Akasema watu wanampenda."

"Hatukumpenda."

"Mlikuja kila siku, mama."

Nami, pale nyuma ya mlango, nikahesabu. Ukumbi mzima, mikeka, watoto migongoni, kila siku kwa saa yake. Kama si sisi kukaa pale, Bi Zinduna angekufa zamani, na mwanamke huyu angekuwa na miguu miwili mizima. Niliona kitu kikubwa kimekaa juu ya paa zetu na mimi ndiye fundi niliyekifunga kwa nati.

"Unauma?" aliuliza Moza.

"Unauma. Nimesimama tangu asubuhi."

"Nani anakukanda?"

"Hakuna. Daktari alitoa vidonge."

Nikasikia mbuzi ya nazi inakwaruza sakafu. Nilichungulia, na nikageuza uso haraka, mguu wa mwanamke si wangu kuutazama. Lakini nilikwishaona. Shamima alikuwa amegeuka, amejisogeza, ameupeleka mguu wake, ule ule, hadi mapajani kwa Moza. Hakusema neno. Uso wake hakuutengeneza kitu. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, macho yamevimba.

Moza aliuangalia ule mguu. Mikono yake alikuwa ameiweka juu, hajaugusa. Huyu alimwombea mabaya mwenye mguu huu, na mwenye mguu anampa aushike. Nani anayempa mtu mguu wake uliovunjika kama anamwogopa, au ana kinyongo naye? Kwa mdomo unaweza. Kwa jicho la kulia unaweza. Mimi nimekaa nikifikiri sana, na bado sioni mtu atauigiza vipi mguu.

"Haroub!" dada aliita. Alijua nipo, siku zote anajua. "Nipe chupa ya mafuta ya karafuu hapo kwenye kabati. Upitishe mkono tu, usitazame."

Nikapitisha mkono. Harufu ya karafuu ikajaa jikoni. Nikamsikia Moza anasoma kitu chini chini na kupuliza, kisha akaanza kukanda, na papo hapo Shamima akapiga ukelele, ukelele mbovu, wa mbuzi aliyebanwa mlangoni, ambao televisheni yoyote ingeukata.

"Aaa! Polepole, mama! Utauvunja tena!"

"Tulia! Hapa ndipo damu ilipolala. Watoto wa siku hizi hamtaki kuumia." Sauti ya dada ilikuwa inapasuka, analia na kufoka kwa pamoja. "Haroub!"

"Naam, dada."

"Bado umesimama hapo? Nenda kamwambie Hafidh afunge huo mdomo wake aswali. Na wewe tafuta wazee wa maana, si wale wenzako wa baraza la bao. Mnakwenda Tanga kuposa."